Sampuli ya Bila Chumvi

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Hospitalini walimwita Bila Chumvi, na jina hilo likamfuata mpaka nyumbani, likakaa. Tusimwonee, alilistahili. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mpishi wa jiko la hospitali, na katika miaka hiyo alipika uji usio na sukari, maharage yasiyo na chumvi, supu isiyo na mafuta, na mchuzi ambao hata mwenyewe hakuwa na hakika kama ni mchuzi au ni maji yaliyopita karibu na nyanya. Daktari akiandika, yeye anapika. Wagonjwa walikula. Wangefanya nini? Mtu mwenye dripu mkononi hawezi kususa akaondoka zake.

Tatizo ni kwamba mkono si sare ya kazi, useme ukifika nyumbani unauvua na kuutundika msumarini. Bila Chumvi alirudi na mkono ule ule, na familia ikala kama wodi namba tatu. Mumewe, karani wa posta, mtu mpole asiyependa kelele, alikuwa na usemi mmoja tangu walipooana: "Kitamu sana, mke wangu. Kuna kitu tu kimepungua kidogo." Hicho kidogo kilikuwa chumvi, pilipili, mafuta, na kuna siku kilikuwa vyote vitatu. Binti yao wa pekee alijifunza kusema "mama", akajifunza "baba", kisha akajifunza "kimepungua". Mkono wake uliijua njia ya kwenda kwenye chupa ya chumvi kabla haujajua kushika kalamu.

Halafu kulikuwa na wifi. Jamani, wifi! Dada wa mume, mpishi wa shughuli, mwenye sufuria ambazo mtu mzima anaweza kuogea ndani yake na nafasi ikabaki. Huyo aliweka viungo kwenye chakula kama ana ugomvi navyo. Na mdomo wake nao ulikuwa hivyo hivyo. Kila penye watu alikuwa na neno lake la kuchangamshia baraza: "Kwa wifi yangu ukitaka kula, kwanza ulazwe." Watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Bila Chumvi naye anacheka, maana usipocheka utaambiwa una roho mbaya.

Basi binti akapata mchumba, harusi ikapangwa, ndogo tu, watu sitini, chakula mezani. Wakakaa sebuleni wanne hao kupanga. Wifi akafungua kikao na kukifunga mwenyewe: "Jikoni niachieni mimi."

"Nitapika mimi," akasema Bila Chumvi.

Mumewe akaangalia dari, akaiona kuwa ni nzuri zaidi kuliko alivyowahi kudhani. Binti akatazama kucha zake.

"Wifi," wifi akasema kwa upole wa kunyonga, "hao watu watakuja wazima."

"Mama, utachoka," akasema binti, haraka haraka. "Hiyo siku yako ya kukaa."

Hilo la wifi halikumuuma, alikwisha kulizoea. Lililomuuma ni hilo la binti, kwa sababu lilisemwa kwa huruma. Alikuwa amelisha maelfu ya watu asiowajua hata sura, watu waliompita mlangoni wakiwa wamepona bila kumwambia kwaheri. Mtoto aliyemzaa mwenyewe, siku yake moja, ale kutoka mkono wa mtu mwingine? Hakulia. Alisema tu, "Jumapili nitapika. Nyinyi mtakula. Sahani zikibaki na kitu, apike wifi, na mimi nitakaa kama sanamu na kitambaa changu kichwani. Zikiisha, napika mimi."

"Upike nini?" akauliza wifi, tayari anatabasamu.

"Achague bibi harusi."

Bibi harusi akachagua kile alichokusudia kuwalisha wageni: steki na pasta kwenye sosi nzito ya krimu na pilipili, kwa kuwa ndicho chakula alichokula na mchumba wake siku ya kwanza waliyotoka pamoja. Akatoa simu, akaonyesha video. Mwanamke wa kwenye video alimwaga pilipili bila hata kuangalia, huku anacheka na kamera. Bila Chumvi aliirudisha video nyuma, akaitazama tena. Pale kazini mtu wa namna hiyo angeandikiwa barua ya onyo.

Lakini mwenye nia hashindwi na video. Wiki ile yote alijifunza kwa siri, akirudi kutoka kazini mapema kabla ya mume na mtoto. Alinunua pilipili nyekundu ya unga, akaipima kwa kijiko cha dawa, kile cha mililita tano, akiwa amevaa glavu na barakoa utadhani anamhudumia mgonjwa wa kuambukiza. Jumanne alipika sosi ikawa maji ya maua. Jumatano akaongeza nusu kijiko, akaonja, akakohoa mpaka jirani akagonga ukuta kumuuliza kama yuko salama. Alhamisi akaipata. Alisimama peke yake jikoni na kijiko mdomoni, ulimi unawaka kidogo, krimu inakuja nyuma kuuzima, kisha moto tena kwa mbali, na akacheka kwa sauti. Kumbe hivi ndivyo watu wanavyokula! Miaka yote hii walikuwa wanajua, wakanyamaza.

Jumapili akaamka na adabu zake zote. Nyama ilikuwa ya sarara, steki nne za unene wa kidole gumba, ambazo muuza nyama alimkatia baada ya kurudishiwa mara mbili. Akazifuta maji kwa kitambaa safi, akazipaka chumvi. Ndiyo, chumvi. Hapo mkono uligoma. Vidole vilishika chumvi vikabaki hewani vikimsubiri daktari. "Daktari hayupo," akaviambia, na vikaachia.

Kikaango kilipotoa moshi, akalaza nyama, ikapiga kelele, naye akarudi nyuma hatua moja. Nyama ya hospitali haipigi kelele. Nyama ya hospitali inachemshwa mpaka isahau kwamba iliwahi kuwa na mifupa. Video ilisema ndani ibaki na rangi ya waridi; hapo alikataa katakata, akaiacha mpaka waridi ikabaki kama fununu, akaitoa, akaifunika ipumzike. Kwenye kikaango kile kile akatia siagi, kitunguu saumu, vijiko vyake viwili na nusu vya dawa vya pilipili, nyanya ya kopo, kisha krimu, kisha jibini. Rangi ikageuka ya machungwa yaliyoiva. Pasta aliitoa ikiwa bado na ubishi kidogo kwenye meno, na hilo nalo lilimgharimu, maana kwa kanuni za kwao pasta inaiva mgonjwa asiye na meno akiweza kuimeza. Akakata nyama vipande vyembamba, akavichanganya vyote kwenye sufuria moja kubwa, akaonja kwa vijiko viwili kama alivyofundishwa, kimoja cha kuchotea na kingine cha kutia mdomoni.

Ilikuwa ile ya Alhamisi. Ilikuwa hata imeizidi.

Na hapa ndipo mkono ulipofanya jambo la kwao. Hakuuagiza. Katika jiko la hospitali, chakula kikiiva, kabla hakijaguswa na mtu yeyote, mpishi huchota kidogo akakiweka kwenye kopo safi lenye kifuniko, akakitia kwenye friji, kikakaa siku tatu. Hiyo ndiyo sampuli. Wodi ikiharisha, sampuli inapelekwa maabara, na ukweli unajulikana ni mpishi, au ni jamaa aliyemletea mgonjwa samaki kwenye mkoba. Bila Chumvi alichota sampuli ya steki na pasta, akafunika, akabandika kipande cha plasta ubavuni mwake na kuandika kama siku zote. Chakula. Tarehe. Saa. Mpishi. Mstari wa mwisho ulikuwa Maoni, na huo aliuacha wazi. Tangu aajiriwe hakuwahi kuujaza, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuulizwa maoni.

Kisha akapunguza moto, akafunika sufuria, akaenda kuoga.

Akiwa anajimwagia maji akasikia kifuniko cha sufuria kikilia huko jikoni. Mvuke huo, akajiambia. Alipokuwa anajifuta, kikalia tena. Alipokuwa mbele ya kioo anavaa gauni lake la bluu, lile la hafla, kikalia mara ya tatu. Mvuke wa leo nao una haraka, akawaza, akajipaka manukato.

Saa nane kamili wakakaa. Wifi alikuwa amefika mapema, na njaa yake na mkoba wake. Sahani zikapakuliwa, na hata wifi alipoona ile rangi alinyanyua nyusi. "Mh! Macho yameshiba," akasema. "Tuone tumbo."

Mume ndiye aliyetangulia. Alitia mdomoni, akatafuna mara mbili, akasimamisha taya. Uso wake ukawa mwekundu kuanzia shingoni kwenda juu. Binti alifuata, macho yakamjaa maji na mkono ukapapasa meza kutafuta glasi. Wifi, mwanamke aliyelelewa na pilipili, alimeza, akafungua mdomo kuongea, ikatoka kwikwi.

"Yaa!" akasema mume, na hilo ndilo neno kali kuliko yote aliyowahi kuyasema kuhusu chakula cha mkewe.

Bila Chumvi akaonja. Moto ulipanda puani, ukashuka kifuani, na chumvi ikafuata nyuma kama haijaalikwa popote maishani. Hii haikuwa ya kwake. Lakini kijiko kilikuwa mkononi mwake, gauni la bluu lilikuwa mwilini mwake, na watu watatu walikuwa wanalia mezani pake. Kwa muda wa pumzi mbili aliamini kwamba amekosea. Labda alihesabu vibaya. Labda mtu akikaa na wagonjwa miaka mingi hivyo, ulimi wake unakuwa mgonjwa pia. Aliona aibu mpaka masikio yakamwasha, na akatamani sana kuwa kazini.

"Usijisikie vibaya, wifi," wifi akasema, akijipepea kwa kitambaa cha meza. Sauti ilikuwa ya msiba, macho ya sherehe. "Si kosa lako. Mtu hajawahi kushika pilipili, leo kashika, ndiyo hivyo tena. Siku ya harusi wewe kaa tu upumzike. Tungeua ukoo mzima wa bwana harusi, jamani."

Binti alikuwa anamwangalia mama yake kwa namna ya ajabu, si ya hasira, ni ya mtu aliyevunja sahani na anasubiri iulizwe.

Sahani zote nne zilikuwa zimejaa. Mapatano yalikuwa mapatano. Bila Chumvi akakunja kitambaa chake, akakiweka, akaanza kusema, "Haya, basi, apike..." na sentensi ikamkatikia njiani. Mezani palikuwa na malalamiko. Na malalamiko, jamani, yana utaratibu wake.

Akainuka. Walidhani anakwenda kulia. Alikwenda kwenye friji.

Alirudi na kopo moja, vijiko vinane, na uso wa mkaguzi. Kopo alikuwa amelipasha kwenye maji ya moto, si haraka, dakika zake zote, huku wao wakiangaliana. Akaliweka katikati ya meza, plasta ikiwatazama.

"Hicho nini?" mume akauliza.

"Sampuli. Imetoka kwenye sufuria ile ile, saa saba na dakika tano, kabla sijaenda kuoga. Kila mtu kijiko kimoja. Chota kwa hiki, onja kwa hiki. Usirudishe cha mdomoni."

Wakaonja mmoja mmoja. Mume alifumba macho. Wifi alimeza, akakaa, kisha mkono wake ukaanza safari ya kurudi kwenye kopo.

"Nimesema kimoja," Bila Chumvi akamwambia.

Mkono ukarudi.

"Sasa," akasema, "kilichotoka saa saba na dakika tano ni hiki. Kilichofika mezani saa nane ni kile. Katikati hapo mimi nilikuwa na sabuni usoni. Nani alifungua sufuria yangu?"

Manahodha wengi, chombo huenda mrama, ndivyo wasemavyo, ila hakuna anayetuambia manahodha husema nini baadaye. Husema "kidogo tu".

"Kidogo tu," mume akaanza, akitazama sahani. "Nilipitia maji ya kunywa. Nikasema isije ikawa... Kijiko kimoja cha pilipili ya unga. Na chumvi. Kwa nia njema, mke wangu."

"Ulionja kwanza?"

Hakuonja. Angeonja vipi? Tangu waoane hakuwa na haja ya kuonja.

Wote wakamgeukia wifi. Wifi akanyoosha mgongo. "Mimi mpishi. Sufuria ikiwa wazi mkono unaenda wenyewe."

"Haikuwa wazi."

"Basi niliifungua. Pilipili mbichi tatu, nilikuwa nazo kwenye mkoba. Na chumvi ya kawaida tu."

"Unatembea na pilipili kwenye mkoba?"

"Nikija hapa, ndiyo."

Hata mume alicheka, akanyamaza haraka. Bila Chumvi hakucheka. Alikuwa amehesabu vifuniko. Kimoja, viwili. Alisikia vitatu. Hakutaka kugeuza shingo upande ule, lakini shingo ikageuka.

Binti alikuwa analia, na safari hii si pilipili.

"Ile pilipili ya chupa, Mama," akasema. "Nilimimina. Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba utashindwa. Shangazi angepika, na ungekaa siku nzima na lile tabasamu lako la kukaa na wageni. Nilitaka upike wewe. Nikasema nikikusaidia kidogo hakuna atakayejua." Akajifuta pua kwa mkono, mwanamke mzima anayeolewa mwezi ujao. "Na mimi pia sikuonja."

Bila Chumvi alikaa. Alikuwa na maneno mengi tayari, makali, aliyoyakusanya miaka mingi, na yote yalikuwa ya kumfaa wifi. Kwa huyu hakuwa na hata moja. Alijua mezani wanaongeza chumvi, alijua na jikoni wanaongeza. Angeachaje kujua? Chumvi ya nyumba ile ilikuwa inaisha kila wiki mbili na yeye alikuwa haitumii. Alikuwa anainunua na kuirudisha pale pale penye chupa, bila kusema, ili wapate cha kuongezea. Hilo alikuwa hajamwambia mtu, na hakuona sababu ya kulisema leo.

"Kwa hiyo," akasema hatimaye, "mimi nimetia ya kwangu, baba yako katia yake, shangazi yako katia tatu, wewe umemimina. Hiki si chakula, ni mchango wa harusi."

Wifi ndiye aliyepasuka wa kwanza. Alicheka mpaka kwikwi zikaanza upya, akapiga meza, na alipopata pumzi akasema, kwa shida, kama anang'olewa jino, "Haya. Pika. Mimi nitasimamia viti."

"Utakata vitunguu," Bila Chumvi akamjibu. "Uani. Na mkoba unabaki kwangu."

Walipokuwa wanabishana habari ya mkoba, binti alikwisha kulivuta kopo upande wake.

"We! Hiyo hailiwi! Inakaa siku tatu, mpaka Jumatano!"

"Wameshalalamika, Mama. Uchunguzi umekwisha."

Kanuni ni kanuni, na Bila Chumvi hakuwahi kuivunja hata siku moja, hata mwaka ule umeme ulipokatika wiki nzima. Alinyoosha mkono alichukue. Kisha akaona kwamba chupa ya chumvi ipo pale pale, karibu na kiwiko cha mwanawe, na mwanawe hajaigusa. Mkono akaurudisha mapajani. Akakaa akamwangalia akila, kipande kwa kipande, pasta moja moja, mpaka kijiko kikawa kinakwaruza plastiki.

Alipomaliza, binti alichukua kalamu ya baba yake kutoka mfukoni mwa shati la baba yake, akalilaza kopo ubavu, akaandika kitu kwenye plasta, kwenye ule mstari wa mwisho. Akalisukuma kwa mama.

Bila Chumvi akavaa miwani. *Maoni: hakuna kilichopungua.*

Alisoma mara ya kwanza, akasoma ya pili. Akavua miwani, akaifuta kwa kona ya gauni la bluu, ingawa haikuwa na vumbi.

"Hati gani hii," akasema. "Utadhani daktari."

Akaenda nalo jikoni. Aliliosha ndani tu, kwa uangalifu, bila kulowesha plasta.